Sokoni hesabu napiga kichwani, nikiingia darasani kichwa kinafunga

Shangazi shkamoo, habari za kazi. Naomba unisaidie maana hili jambo limenikaa rohoni na hapa mtaani nikilisema najua wataniona nimechanganyikiwa.

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Pasua hapa Moshi, nauza maharage na mchele soko la Mbuyuni, nina watoto watatu, wa kwanza binti yuko kidato cha pili. Mwenyewe niliishia la saba, sikuchaguliwa kuendelea, baba akasema basi kaa na mama yako sokoni na kweli nikakaa mpaka leo. Sasa mwaka huu mwanzoni nikajisemea hapana, hii kitu nimeitamani miaka yote kwa nini nife nayo, nikaenda kujiandikisha kituo kimoja hapa mjini wanafundisha jioni wale wanaojiandaa na QT, ukifaulu hiyo ndio unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada nimelipa mwenyewe kwa hela ya maharage, mume wangu sijamwomba hata mia.

Mwanzoni nilifurahi mno shangazi. Historia naelewa, Kiswahili ndio usiseme, Baiolojia nasoma mpaka nawasimulia wenzangu sokoni mambo ya moyo na damu wananiangalia tu. Tatizo ni hesabu, na kinachoniumiza ni kwamba hesabu NAJUA. Mi nikinunua gunia la kilo mia kwa laki mbili na sitini, nikaweka elfu tano ya usafiri na buku ya ushuru, hata kikokoteo sihitaji nakwambia hapohapo kilo imenisimamia 2,660, nikiuza 3,000 nina faida 340 kila kilo na gunia zima 34,000, na hapo naongea na mteja mwingine na naangalia mtoto asianguke. Lakini nikiingia darasani ikaandikwa ile x tu ubaoni, basi. Kichwa kinakuwa cheupe.

Juzi kati hapa mwalimu akaniita mbele. Ni kijana mdogo tu, sio mbaya, ana heshima ananiita mama. Akaandika 6x + 2 = 20 akasema mama njoo ututafutie x. Nikasimama. Shangazi, chaki nimeishika lakini vidole sivisikii, masikio yanavuma, jasho mgongoni, ile 6 naiona naijua ni sita lakini haina maana yoyote, nikawa nimesimama tu pale mpaka vijana wawili huko nyuma wakaangua kicheko. Mwalimu akawanyamazisha akasema haya mama kakae, na hiyo "kakae" ndio ilinimaliza. Nikaenda chooni nikalia.

Toka hapo siku ya hesabu ikifika tumbo linaniuma kweli kweli, sio la kusingizia, linaanza kuanzia saa nane mchana, nishaacha vipindi kadhaa nikidanganya wateja wamenibana. Hata nyumbani nikifungua daftari nasoma mstari uleule mara kumi hauingii, na ukinikuta nimetoka kugombana na mtu ndio kabisa, ila siku nina amani hata usiku wa manane nasoma Historia inaingia yote.

Halafu kuna kitu nilidhani nimeshasahau kikanirudia. Darasa la tano tulikuwa na mwalimu wa hesabu akikuita ubaoni ukikosea anakugonga na ubavu wa rula kwenye vidole, na siku moja aliniambia mbele ya darasa zima kichwa changu ni cha kuchungia mbuzi. Nakumbuka hata sweta nililovaa siku hiyo lilikuwa limetoboka kiwiko.

Mume wangu hajanikataza ila akiniona na daftari anasema "mama watoto umri umeshaenda unajitesa bure". Binti yangu anataka kunifundisha na ndio pekee anayeona raha mimi kusoma, lakini akinielekeza mara mbili nisipoelewa namfokea, juzi nimemfokea mpaka akalia halafu nikaona aibu hata ya kumwomba msamaha.

Maswali yangu ni haya, akili yangu imeshazeeka? Au kweli ndio kichwa cha mbuzi? Na huyu mtoto nifanye nae nini. Na je, niendelee au nichukue hela ya muhula unaokuja niongezee magunia mawili matatu ya maharage? Nijibu tafadhali hata kama ni kwa ukali.

Mama wa maharage, Mbuyuni



SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Ukali sina na wala huuhitaji, ulishaupata wa kutosha darasa la tano.

Nianze na akili kuzeeka maana naona ndilo linalokulaza macho. Haijazeeka. Kule London madereva wa teksi kabla hawajapewa leseni lazima wawe na mitaa kama 25,000 ya jiji kichwani, ni masomo ya miaka mitatu minne hivi na wengi wanashindwa njiani. Watafiti wawili, Katherine Woollett na Eleanor Maguire, waliwapiga picha za ubongo hao wanafunzi kabla hawajaanza na baada ya kumaliza, wakatoa majibu mwaka 2011: waliofaulu ilionekana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo ndio inahusika na kumbukumbu na kujua njia, imeongezeka, ambao hawakufaulu haikuongezeka. Na hao ni watu wazima, wana familia na kodi ya nyumba. Sikufichi, mtu wa 39 anaweza akawa mzito kidogo kukariri neno jipya la Kiingereza kuliko binti wa miaka 14, lakini mtu mzima ana mambo mengi aliyoyapitia ya kulishikiza hilo neno ambayo binti bado hana.

Na tena umejijibu mwenyewe kwenye barua yako hukuona tu. Historia inaingia, Baiolojia unawahadithia watu sokoni. Akili iliyozeeka haichagui somo. Ikichagua somo, tena ikachagua lilelile moja ulilopigiwa, hiyo ina hofu, na hofu inatibika.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake kubwa ni kukulinda. Ikihisi hatari inaamsha mwili mzima kabla hata hujajua unaogopa nini, moyo unadunda, jasho linatoka, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linavurugika (kwa hiyo tumbo lako linauma kweli na usikubali mtu akwambie unadeka). Sasa hiyo amigdala imekaa jirani kabisa na hipokampasi, na kitu cha kutisha au kuumiza kikitokea zinashirikiana kukihifadhi kwa nguvu sana, ndio maana tundu la kiwiko unalikumbuka mpaka leo wakati mambo mengine mengi ya mwaka ule yameshapotea. Siku ile ulifundishwa somo na ulilishika: ubao, chaki, jina langu, vidole. Huyu kijana wa watu alipokuita mbele kwa heshima zake zote hakujua anaita nini.

Sasa kwa nini namba zikapotea, na hapa ndio nataka unielewe sana. Ukipiga hesabu kuna sehemu ya akili inashika vitu kwa muda mfupi wakati unavifanyia kazi, hii sita, hii mbili, nitoe kwanza halafu nigawe. Ni sehemu finyu kwa kila binadamu hata maprofesa, inabeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Chukulia meza yako pale Mbuyuni, ina nafasi ya sado zako nne tano, halafu akaja mtu akakubwagia gunia la mkaa juu ya meza. Maharage yako yapo, hayajaibiwa, hayajaoza, ila huna pa kuyapimia. Hofu ndio hilo gunia, "watanicheka, mimi mtu mzima, nikikosea je, mbona kimya" yote hayo yanataka nafasi ileile ambayo sita na mbili walitakiwa wakae. Hili lilishapimwa, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk wa Marekani mwaka 2001 waliwapa watu hesabu za kujumlisha huku wameshikilia herufi kadhaa kichwani, na wenye hofu ya hesabu walikosea zaidi sana pale hesabu ilipokuwa ya kubeba namba na herufi zikiwa nyingi, ila kwenye zile nyepesi nyepesi tofauti ilikuwa ndogo. Maana yake hesabu walikuwa wanazijua, ila nafasi ya kuzifanyia iliisha. Mstari uleule unaousoma mara kumi ukitoka kugombana na mtu ni habari hiyohiyo.

Kuna jambo la pili ambalo halihusiani sana na hofu ila kwako yamekutana yote mawili siku moja. Huko Recife, Brazil, watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walipita mitaani na sokoni wakakuta watoto wanauza nazi na vitu vingine, wakawa wanajifanya wateja wanauliza kumi ni shingapi, nikikupa hii chenji yangu ngapi. Watoto wakapatia asilimia 98. Baadae wakawakalisha chini wakawapa maswali ya aina ileile kwa namna ya shule, yaliyoelezwa kama kisa cha kununua na kuuza walipatia asilimia 74, yaliyokuja namba tupu wakapatia asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, ni kweli, lakini ripoti yao ya 1985 walimu wa hesabu wanaitaja mpaka leo kwa sababu kila mtu aliyewahi kuuza kitu akiisikia anajua ni kweli. Mtu anakuwa na hesabu yote kichwani ila ikivalishwa nguo za shule haitambui.

Kwa hiyo tuivue nguo ile iliyokuaibisha. Mteja kakupa noti mbili za elfu kumi, kachukua kilo sita za maharage, umemrudishia elfu mbili. Kilo umemuuzia shingapi? Umeshajibu. Elfu tatu. Na angalia ulivyofanya, kwanza umetoa ile elfu mbili ya chenji kwenye ishirini ikabaki kumi na nane, halafu ukagawa kwa sita. Hizo ndio hatua mbili mwalimu alizokuwa anazitaka, 6x = 18, halafu x = 3, hakuna ya tatu. Hiyo x ni bei ya kilo ambayo mteja bado hajaambiwa.

Uanze hivyo. Kila swali la x kwenye daftari litafutie mteja, liandike pembeni kwa maneno ya sokoni, fanya kama unavyofanya sokoni, ndipo uandike hatua zako kwa namna ya shule. Namba hasi ziite deni, anayedaiwa elfu nne akalipa elfu moja bado yuko hasi tatu. Zipo zitakazokataa kuingia sokoni, sikudanganyi, jometri kwa mfano inabidi uichore, lakini ukishazoea kuona kwamba hiki kilichoandikwa ni kitu ninachokifahamu nguvu ya kupambana na vile usivyovifahamu utakuwa nayo. Hili wala sio jipya nchini kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka hiyohiyo kwenye kisomo chenye manufaa kule mikoa ya Ziwa watu walifundishwa kusoma na kuandika kwa vitabu vya kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, yaani mtu anaanza na kile anachokishika kila siku kwa mikono yake. Mimi naona hapo waliona mbali sana, maana mtu mzima ukimwanzishia na kitu ambacho hana pa kukishikia cha kwanza kumpata ni aibu, na mtu mwenye aibu hata umfundishe vipi anachosikia ni aibu yake tu.

Sasa hilo gunia la mkaa unalishushaje mezani. Kuna njia moja rahisi mpaka watu wanaidharau. Siku ya kipindi cha hesabu ukishafunga biashara kaa dakika kumi na karatasi yoyote, uandike unachokiogopa, vyote, bila kupanga, "naogopa wale vijana, naogopa ataniita, yule mwalimu wa zamani alinifanyia hivi na hivi", andika hata kwa Kichaga kama ndivyo kinavyotoka. Halafu chana tupa. Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliwajaribu wanafunzi Marekani, wakatoa majibu 2011, waliopewa dakika kumi kabla ya mtihani kuandika hofu zao walifanya vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi ni wale ambao kawaida wanaogopa mitihani. Maelezo yao ni kwamba ukishaitoa hofu kwenye karatasi haikusumbui tena katikati ya kazi. Sio dawa ya kila mtu lakini ni bure, na wewe ni mtu wa kuandika, barua yako imenyooka. Ukifika mlangoni na moyo bado unadunda simama kidogo uvute pumzi kawaida uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa, mapigo yanashuka. Yasiposhuka yote usijali. Moyo kudunda kidogo kunaamsha akili, kinachoharibu ni ule wa kufunika kila kitu.

Lakini haya yote hayatasaidia kama utaendelea kukwepa vipindi. Naomba unisikilize hapa. Ukiamua leo siendi, tumbo linapoa palepale si ndio? Hiyo nafuu ndio inayoilisha hofu, kwa sababu mwili unajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na tumeponea kwa kukimbia, wiki inayofuata inakuja na nguvu zaidi. Kwa hiyo nenda. Nenda ukae karibu na mlango, nenda usijibu swali lolote, ila uwe ndani mpaka kipindi kiishe ili mwili uone kwamba ubao ulikuwepo, x ilikuwepo na hakuna aliyegongwa vidole. Na ubao wenyewe uuendee kidogo kidogo, anza nyumbani na chaki ukutani jikoni ukiwa peke yako, halafu siku moja uwahi darasani kabla watu hawajaja uandike ubaoni swali ulilokwisha kulifanya, uliangalie, ulifute, halafu ufanye hivyo mbele ya mwenzako mmoja unayemwamini. Ukifika siku ya kusimama mbele ya wote iwe ni kwa swali ulilolichagua wewe.

Ndio maana lazima uongee na huyo mwalimu. Mkute pembeni kabla ya kipindi, mwambie, "Mwalimu, hesabu naziweza nikiwa nimekaa, ila kuitwa ubaoni kunaniletea kitu cha zamani kinanifunga kabisa, naomba kwa sasa niwe nakuonyesha kwenye daftari, nikiwa tayari nitakuja mwenyewe." Basi, wala huhitaji kumsimulia yote. Kama ni kijana unayesema ana heshima atashukuru, maana walimu wengi wanaofundisha jioni wamefundishwa kufundisha watoto, hakuna aliyemwambia kwamba mama wa makamo aliyenyamaza mbele ya ubao anaweza akawa anapigana na mtu ambaye hayupo darasani. Ile "kakae" najua ilivyokuingia. Yeye nadhani alikuwa anakuokoa na wale wanaocheka.

Na hao wanaocheka nisingewapa uzito mkubwa. Madarasa ya QT mnajuana, kuna wa bodaboda, kuna dada wa kazi anayeiba muda, kuna mabinti walioachishwa shule kwa mimba, na hao ruhusa ya kurudi hata kwenye shule za kawaida ilitoka Novemba 2021 tu, kabla ya hapo milango ilikuwa imefungwa. Karibu kila mmoja mle ndani shule ilimuumiza mahali. Wengi wanacheka ili wasiwe wao wanaochekwa. Tafuta mmoja anayehangaika na Historia, umfundishe hiyo, yeye akae na wewe kwenye hesabu, na usishangae akiwa ni mmojawapo wa hao wawili.

Mume wako. Maneno yake yanakuuma kwa sababu na wewe nusu unayaamini, ukishaacha kuyaamini yatapungua makali. Usibishane nae kuhusu umri. Mpe kazi moja ya kueleweka, siku za masomo yeye ndiye anahakikisha watoto wamekula kabla hujarudi, mtu akishaweka mkono wake kwenye kitu anaanza kutaka kifanikiwe. Akikataa utajua ulipo, na hapo niandikie tena.

Tumbo likiendelea hata siku zisizo za hesabu, au usingizi ukakata wiki nzima, au ukajikuta unalia bila sababu, nenda hospitali ukaongee na daktari kama unavyokwenda kwa malaria. Na kulala usikuchukulie kama kupoteza muda wa kusoma, ulichosoma mchana ubongo unakipanga usiku ukiwa umelala, kwa hiyo zile usiku wa manane punguza, hasa kwa mtu anayeamka alfajiri kuwahi mzigo.

Binti. Kwanza umwombe msamaha leo, kabla hujafungua daftari lolote, na umwambie ukweli wa ile rula kwa sababu mtoto anayefokewa bila kujua sababu anahisi kosa ni lake, na huyu anajifunza kwako jinsi mtu mzima anavyokaa na kitu asichokijua. Halafu mbadilishe mpango. Asikufundishe mbele ya wadogo zake, mtafute muda wenu wawili. Na yeye asikuelekeze, wewe ndio umuelekeze: funga daftari, mfundishe ulichokielewa bila kuangalia, yeye asikilize akukamate ulipokosea. Kukivuta kitu kutoka kichwani bila kuchungulia kunakikalisha kuliko kukisoma mara tano, na wewe ukiwa ndio unayeeleza unakuwa kwenye kiti chako cha mama, hasira haina pa kuanzia. Ukihisi sauti inapanda sema "tupumzike" mnywe chai. Dakika ishirini zinatosha kwa jioni.

Hela ya muhula ulipe ada. Nakwambia hivyo kwa sababu unataka kuacha yote kwa ajili ya somo moja, na hilo moja hujawahi kulisoma bila woga hata siku moja toka utotoni, kwa hiyo hakuna anayejua bado unaliweza kiasi gani, hata wewe. Soma muhula huu kwa namna hii tuliyoongea, ukifika mwisho na hesabu zimekataa kabisa, basi utaamua ukiwa na kitu cha kupimia, na hayo masomo mengine bado ni yako. Magunia hayakimbii, na kama ni kuongeza mzigo subiri mavuno yaingie bei ishuke, kununua sasa hivi kwa laki mbili na sitini ungekuwa unajibana faida mwenyewe.